Mkwe Aliyebaki Magotini

Asubuhi ya Jumatatu Sia alipiga magoti sebuleni kwa mama mkwe wake, Mama Agnesi, mtaa wa Kasingirima, akamwamkia. Katika nyumba ile mkwe akishaamkia hubaki chini mpaka mkubwa amwambie "inuka", na Mama Agnesi alipenda kulichelewesha neno hilo. Aliitikia marahaba, akaendelea kukoroga chai. Sia alisubiri. Boti za dagaa zilikuwa zimeshafika Katonga kushusha samaki na yeye ndiye afisa uvuvi wa mwalo ule, kwa hiyo mwishowe akainuka bila ruhusa. Macho yakamwingia giza. Akashika ukuta, giza likapita, akachukua mkoba na kutoka.

Alipofika mwaloni mume wake alimpigia simu.

"Sia, umejisahau," alisema Feliksi. "Bado umepiga magoti hapa sebuleni. Mama anataka kufagia."

Sia akatazama viganja vyake. Vilikuwa vyeupe kama tumbo la samaki mgebuka.

"Damu imebaki huko," akasema. "Nikimaliza kukagua nyavu nitaipitia."

Jambo lenyewe halikuwa fumbo. Mwaka uliopita Sia alijifungua mtoto ambaye hakulia, na baada ya mazishi akageukia ukuta, hali, haogi, hasemi. Ukoo wa Feliksi, hodari sana wa kutambua magonjwa ya wenzao, uliamua kwamba huo ni uvivu wa wanawake waliosoma. Muuguzi wa kitengo cha akili hospitalini ndiye aliyesema ni sonona, akampa vidonge vya kumeza jioni. Vidonge vilifanya kazi. Pole pole Sia akaanza tena kusikia ladha ya chumvi, akataka kuoga, akarudi mwaloni. Vilikuwa na kasoro moja tu: akisimama ghafla, presha ilishuka. Muuguzi alimweleza vizuri. Ainuke kwa kituo, aketi kwanza, anywe maji ya kutosha, asiache dawa kwa kujiamulia, na apimwe presha akiwa amelala kisha akiwa amesimama, ili dozi ipunguzwe ikibidi. Halafu muuguzi akahamishiwa wilaya nyingine, maana mtu anayeijua kazi yake haachwi akae.

Sia alikuwa amemwomba mama mkwe ruhusa ya kumwamkia akiwa amesimama.

"Huko kwenu Moshi mnaamkiana mmesimama, kama mnataka kupigana?" aliuliza Mama Agnesi. Mazungumzo yakaishia hapo.

Jumatatu hiyo jioni Sia alirudi akamkuta mwenzake, yule Sia wa asubuhi, palepale kwenye mkeka, kichwa kimeinama, mashavu yamejaa damu. Alimshika bega akamwambia waende. Yule wa magotini hakusogea. Mama Agnesi alikuwa ameshafagia kumzunguka, tena akagundua kwamba hali, hajibu, na wala hana simu ya kuchezea. Kufikia Jumatano alikuwa anawaita majirani waje kumtazama mkwe mwenye adabu.

Majirani walijua kwamba Sia ana presha ya kupanda. Ndivyo Mama Agnesi alivyotangaza tangu mwanzo, kwa sababu presha ni ugonjwa wa heshima. Hata mapadri wanao. Sonona ilikuwa aibu, na aibu hailetewi mchele na wageni. Alikuwa ameizoea habari yake mwenyewe kiasi kwamba kila asubuhi alimpa Sia kidonge alichoandikiwa yeye mama mkwe cha kushusha presha, akimkazia macho ameze. Sia alikitema nyuma ya choo. Kumpa mtu ambaye presha yake imeshuka dawa ya kuishusha zaidi ni sawa na kumrushia anayezama jiwe, lakini jiwe lilitolewa kwa upendo, na majirani wakalisifu.

Alhamisi Sia alikwenda kwa tabibu Castory, mwenye zahanati barabara ya Ujiji. Castory alikuwa amesoma mpaka pale mtu anapoacha kusikiliza. Alimtazama Sia akiwa amejiegemeza mlangoni, akasema huyu hana damu ya kupimwa, aletwe mwenye damu. Feliksi akamleta kwa bajaji yule wa magotini, wakamweka juu ya kiti vilevile alivyokunja miguu. Castory akamfunga mkanda wa mashine mkononi.

"Mia na ishirini kwa themanini," akasema. "Presha nzuri kuliko yangu."

"Nipime mimi," alisema Sia. "Nilale, unipime. Nisimame, unipime tena. Utaona inavyoshuka."

"Mgonjwa hupimwa amekaa, dada yangu. Ndiyo utaratibu."

"Lakini mimi nikikaa sianguki."

"Basi kaa," alisema Castory, akacheka, na Feliksi akacheka naye. Kisha tabibu akashauri aachane na dawa za wendawazimu, asali sana, apate mtoto mwingine.

Sia hakuacha dawa. Aliujua ule ukuta, hakutaka kurudi kuutazama.

Siku iliyofuata alianguka Katonga. Alikuwa amechutama kupima macho ya wavu, akasimama, akaenda chini katikati ya dagaa walioanikwa. Wanaume walisogea wakabishana kama ni pepo au njaa. Anésie, mwanamke wa Kirundi mchuuzi wa dagaa, aliwapita, akamlaza chali, akainua miguu yake juu ya kreti ya soda.

"Yoo! Ntugire ubwoba," alimwambia. Usiogope. Akampa maji, akamkalisha, akamwacha akae, na alipotaka kusimama akampa mkono. "Damu yako iko wapi?"

"Kwa mama mkwe."

"Nenda ukaidai. Si ya kwake."

Sia alikwenda kuidai Jumamosi, sebule ikiwa imejaa wageni. Yule wa magotini, aliyekwisharudishwa mkekani, alikuwa anang'aa. Mama Agnesi alikuwa amemfunga kitenge kipya. Sia aliketi kwanza, akapumua, kisha akasema wazi mbele ya watu wote.

"Mama, naumwa sonona. Nakunywa dawa yake na inanisaidia. Ninachokosa ni damu yangu. Mwambie ainuke, taratibu, mimi nitamshika mkono. Ni neno moja tu."

Wageni waliangalia vikombe vyao. Mama Agnesi alipuliza chai, akanywa.

Sia akamgeukia mume wake.

"Feliksi, mwambie wewe."

Feliksi alikuwa meneja wa watu kumi na wawili huko bandarini, na aliwapigia kelele kila siku. Alimtazama mama yake, akatazama simu, akasema kuna ujumbe wa kazini lazima aujibu.

Basi Sia akainama mwenyewe, akamshika mwenzake mikono. Ilikuwa na joto.

"Inuka," akamwambia. "Twende zetu."

Yule wa magotini aliinua uso kwa mara ya kwanza. Alikuwa na macho yale yale yaliyokuwa yakitazama ukuta.

"Mama hajasema," akajibu, akainamisha kichwa tena.

Sia alilia, hakuficha. Kisha akafungasha nguo zake, akaweka vidonge juu, akatoka kwa mwendo wa pole, akiketi kidogo kwenye ngazi kabla ya kusimama, maana kwa damu kidogo aliyobakiwa nayo haraka ingemuua. Anésie alikuwa amemtengea kitanda Katonga.

Ndani, mgeni mmoja aliuliza yule aliyetoka ni nani.

"Mtumishi fulani wa serikali," alisema Mama Agnesi, akampapasa mkwe wake kichwani. "Huyu ndiye Sia wetu. Alikuwa anaumwa, sasa amepona kabisa."

Wageni wakamshukuru Mungu, wakaomba chai zaidi.