Kadogo Anauliza

Kazi ya Mama Kadogo ilikuwa kufunga maswali. Tovuti ilipokea maswali kutoka kila pembe ya dunia, ya pampu, mifugo, saruji na homa, na kanuni yake ilikuwa moja: Kiingereza tu. Lililokuja kwa lugha nyingine alilibandikia tangazo la kumtaka mwenyewe aandike kwa Kiingereza, kisha akalifunga, na baada ya muda likafutika. Tangazo lenyewe lilikuwa la Kiingereza. Aliwahi kuuliza asiyejua Kiingereza atalisomaje, na bosi wa zamu akamjibu kwamba hilo ni swali zuri, akaenda kujimiminia chai.

Chumba kilikuwa na meza ndefu, viti vilivyotoka sponji na feni iliyozungusha joto lile lile. Wafanyakazi walitaniana na kusengenyana kwa lugha waliyonyonya kwa mama zao, halafu wakageukia skrini kulinda Kiingereza cha watu.

Dunia nzima ilimwita Mama Kadogo, isipokuwa Kadogo mwenyewe. Binti alikuwa anakaribia umri wa kuanza shule na hajatamka hata neno moja. Masikio mazima, ulimi mzima. Daktari alisema wasubiri. Mwalimu wa chekechea alisema hapokei mtoto asiyeweza hata kumwita mtu. La mwalimu lingevumilika. Lililomkereketa mama mtu ni kwamba wenzake waliitwa na watoto wao hadi wakachoka, na yeye alitamani kuitwa mara moja tu.

Jioni moja Kadogo alikuwa kwenye mkeka anapanga vifuniko vya chupa. Akafungua mdomo, akasema sentensi ndefu, iliyonyooka, ya lugha ya kigeni. Bibi yake, mama mzaa baba, aliacha kuchambua maharage. Fundi cherehani wa chumba cha jirani, aliyewahi kushona nguo katika nchi za watu, alisikia kupitia dirishani akasema lugha hiyo anaijua: mtoto anauliza ng'ombe aliyemkataa ndama wake afanyweje.

"Ampake ndama chumvi," bibi alimjibu mjukuu wake. "Mama atamlamba, atamzoea."

Kadogo akarudi kwenye vifuniko vyake.

Mama Kadogo alikumbuka swali la lugha hiyo, alilolifunga mchana. Kesho yake alifunga mengine, ya lugha nyingine, na jioni mtoto akayasema yote, kila moja mara moja, akanyamaza. Siku ya mapumziko hakusema kitu. Hesabu hiyo haikuhitaji mwalimu.

Basi akaanza kuomba zamu za ziada. Alifunga hata yale yaliyokuwa nusu Kiingereza, ambayo zamani angeyasamehe, na bosi akamsifu mbele za watu. Nyumbani majirani walikuja na vigoda vyao kusikiliza. Fundi alitafsiri aliyoyajua, na bibi akajibu yote, pamoja na yale ambayo hayakutafsiriwa. Kuuliza si ujinga, alisema bibi. Ujinga ni kumwacha mtu mlangoni. Majibu yake yalikuwa mazuri, ila hayakumfikia yeyote.

"Sauti ipo," alimfariji mkwewe. "Maneno ya kwetu nayo yatakuja."

Yalikuja asubuhi moja, kwenye skrini, bila nukta wala herufi kubwa: mama haamki nimemwita nimemmwagia maji anakoroma tu tuko wawili na mdogo wangu nifanye nini.

Mama Kadogo alimwita bosi. Bosi akaja na kikombe chake, akainama, akasoma midomo ikichezacheza.

"Hii ni lugha gani?" aliuliza.

"Yetu."

"Basi si Kiingereza."

Alimweleza kwamba angeweza kulitafsiri sasa hivi; humo kwenye tovuti madaktari wamejaa, mmoja angejibu. Bosi akasema anayetafsiri la mmoja atatafsiri ya wote, na mtu wa mwisho kufanya hivyo ndiye aliyekalia kiti cha Mama Kadogo kabla yake. Hakusema kwa ubaya. Aliongeza kwamba hata yeye ana watoto, akaondoka.

Lakini msema kweli ni mpenzi wa Mungu: si kanuni iliyomshinda Mama Kadogo. Bosi alipogeuka tu, aliandika nusu ya tafsiri. Kisha macho yake yakarudi kwenye neno la kwanza la lile swali. Alilitazama hadi chai yake ikapoa. Akaifuta tafsiri, akabandika tangazo, akafunga.

Jioni aliwahi nyumbani. Alinawa uso, akavaa gauni lake la kutokea, akapiga magoti mbele ya mkeka. Kadogo aliweka kifuniko chini, akamtazama.

"Mama," alisema.

Bibi alilia kwa furaha. Fundi alipiga makofi, majirani wakampokea. Furaha ya Mama Kadogo ilikuwa ya kweli. Asitokee wa kumwambia sivyo.

"Mama haamki," Kadogo aliendelea. "Nimemwita. Nimemmwagia maji. Anakoroma tu. Tuko wawili na mdogo wangu. Nifanye nini?"

Safari hii hakuhitajika mkalimani. Makofi yalikoma. Bibi alijifuta machozi, akajibu kama kawaida yake. "Mlaze ubavu, mjukuu wangu, asije akapaliwa. Kisha kimbia ukamwite mtu mzima."

Kadogo alisubiri. Mengine yote aliyasema mara moja. Hili alilirudia, akalirudia, mpaka usingizi ukamchukua.

Mwalimu wa chekechea amempokea. Alimuuliza jina lake, mtoto akasema mama haamki, na mwalimu akaandika kwamba anazungumza vizuri. Tovuti haijabadili kanuni, ila tangazo limepakwa rangi mpya, na bado ni la Kiingereza. Mama Kadogo yuko kwenye kiti kile kile, anafunga maswali ya kila lugha, ingawa hayo mengine Kadogo hayasemi tena.

Kila jioni anapiga magoti mbele ya mkeka, anamshika mtoto mabega. "Niko hapa, mwanangu," anamwambia. "Nimeamka."

Kadogo anamtazama machoni kwa makini, bila haraka. Kisha anamgeukia bibi yake.

"Mama haamki," anasema. "Nifanye nini?"