Mwanafunzi wa Kutumwa Chai

Hapa Mukuyuni watu wana midomo, na kila mmoja ana hadithi yake kuhusu Wayua na lile gari. Wote wanadanganya. Hata mimi nimedanganya, tena kuwashinda, na mwaka mzima sasa ninakula na kulala vizuri. Leo nitasema lilivyokuwa, kwa sababu nimetaka mwenyewe. Kwa hivyo msinitolee macho.

Naitwa Nzioka. Gereji yangu ni ile ya mabati ya kijani nyuma ya soko, na nimetengeneza magari miaka thelathini na moja. Ufundi niliusomea Zombe, kwa mzee Mbaluka, marehemu sasa, mtu mkali ajabu. Mbaluka alikuwa na desturi ambayo mafundi wa rika langu wote wanaijua. Unafanya naye kila kazi: unafungua nati, unaosha vyuma, unashika tochi, unapakwa grisi mpaka masikioni. Lakini ikifika taimingi, pale cheni inapopangwa ili vali na pistoni zisije zikagongana, anageuka anakuambia, "Enda uniletee chai." Ukirudi na chai, kifuniko kimeshafungwa. Mimi nilileta chai miaka sita. Taimingi niliiiba kwa jicho, kupitia tundu la msumari kwenye bati, na siku aliponikamata alinichapa na mkanda wa feni mpaka nikajikojolea mbele ya wateja. Hakuna aliyenihurumia.

Sasa politekniki ikaniletea Wayua. Msichana wa Kilungu, miaka ishirini na miwili, mwembamba, mkimya, mkono mwepesi. Baba hana, mama yake, Syokau, anauza machungwa na ndiye aliyemsomesha. Alikuja kwangu kwa atachmenti, yaani mafunzo ya kazini, akiwa na kitabu chenye orodha ya kazi, na kando ya kila kazi mstari wa sahihi ya fundi. Breki. Klachi. Gia. Taimingi. Bila sahihi zote hakuna kufanya mtihani wa gredi, na bila mtihani hakuna cheti. Gereji moja kubwa ya Athi River ilikuwa imemwahidi kazi, mradi cheti kiwe mkononi kabla ya mwaka uliofuata kwisha. Wayua aliniambia hayo siku ya kwanza, akicheka kwa furaha, kama mtu asiyejua ameingia wapi.

Nilimsainia yote isipokuwa mstari mmoja. Kila injini ikifika taimingi nilisema, "Wayua, enda uniletee chai." Miezi kumi na mitatu. Na hakununa hata siku moja, ndilo lililoniudhi. Alirudi na chai moto, akaiweka kwenye benchi, akauliza, "Fundi, umeshafunga?"

"Nimefunga."

"Haya basi, wakati mwingine."

Wakati mwingine! Ningependa alie. Ningependa anitukane, nipate sababu ya kumfukuza.

Saa ya chakula wenzake walilala chini ya lori, yeye alikaa na simu akitazama yale magari ya Marekani, bonneti ndefu, silinda nane, yanayonguruma mpaka vioo vya nyumba vinatetemeka. Alijua majina yake, alijua injini zake. Nilimwambia mbele ya watu, "Mama, hapa ni Probox na bodaboda. Hayo mengine utayatengeneza mbinguni." Gereji nzima ilicheka. Naye akacheka, akaendelea kusoma.

Novemba, Jumatano moja, likaingia gari jekundu ambalo soko zima lilisimama kulitazama. Mustang, mojawapo ya yale ya Marekani. Mwenyewe ni Evanson, kijana wa watu wa Murang'a waliofungua hadware Emali zamani, mtu wa miwani ya jua na kelele nyingi.

"Fundi, hii gari inanisumbua. Asubuhi nikiwasha inalia kama misumari kwa mkebe."

"Oili ulibadilisha lini?"

Alijikuna kichwa. Hakukumbuka. Alikuwa analiendesha tu kujionyesha, na Jumamosi alitaka aende nalo kwenye ruracio, sherehe ya mahari ya kaka yake.

Nikafungua bonneti. Asi! Niliona nyaya, mabomba, vifuniko juu ya vifuniko. Nilijua kelele ni ya cheni, masikio yangu hayajafa, lakini cheni za injini ile ni nyingi na sikujua hata pa kuanzia. Nilisimama pale kama mbuzi mbele ya televisheni. Halafu nikasikia sauti nyuma ya bega langu.

"Fundi, ni vikaza cheni vimechoka. Hii naijua. Kitabu chake ninacho kwa simu."

Evanson akamtazama juu mpaka chini, akanitazama mimi. "Wewe unaijua?"

Ningesema nini? Nikasema, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Mwache afanye. Lakini akiharibu usiniulize. Mimi nimekuonya."

Wayua akafuta mikono, akanisogelea, akaniuliza polepole, "Fundi, nikiifanya utanisainia taimingi?"

Evanson alikuwa anasikiliza. Muthama, yule wa kuziba pancha, naye alikuwa anasikiliza. "Gari likiwaka na kutoka hapa lenyewe," nikasema, "nitakusainia."

Vipuri vilitoka Nairobi Alhamisi asubuhi. Alifanya kazi siku hiyo na Ijumaa, na niseme ukweli, sijaona mikono kama ile. Kila nati aliiweka kwenye kibati chake, kila kibati akakiandika. Na hakuficha kitu. Hilo ndilo lililonichoma. Alikuwa ananiita! "Fundi, njoo uone hapa." "Fundi, ona, alama hii inakaa hivi, na ile ya upande wa pili inakaa hivi." Alizichora alama zake kwenye cheni na kwenye meno ya gia kwa rangi ya kucha, nyekundu, akanieleza kila moja kwa heshima, taratibu, akingoja mpaka niitikie. Maisha yangu yote hakuna mtu aliyewahi kuniambia njoo uone. Niliumia. Na badala ya kumshukuru nikamchukia.

Evanson alikuwa ameegemea mlango anakunywa soda. Akapasuka kicheko. "Fundi, leo umepata mwalimu! Labda wewe ndio uende kuleta chai!"

Walicheka wote. Muthama alicheka mpaka akashika tumbo. Wayua peke yake hakucheka, aligeuka na spana mkononi akawaambia, "Msimcheke fundi wangu."

Yaani ananitetea. Mtoto wa juzi ananitetea ndani ya gereji yangu.

Ijumaa saa saba Wayua alikwenda dukani kununua silikoni ya kuzibia kifuniko. Evanson alikuwa hotelini anakula nyama, na Muthama na wenzake walikuwa wamekwenda kusukuma lori lililozimika barabarani. Nilibaki na ile injini, iko wazi, imepangwa vizuri kabisa. Nilijua imepangwa vizuri kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa amenifundisha kuitambua.

Kutengeneza ndiko kunakotaka kitabu, kuharibu hakutaki. Nilikisukuma kikaza cheni, nikakizuia kwa msumari, nikainua cheni ya upande mmoja, nikairusha meno manne, nikairudisha. Kisha nikachukua kitambaa chenye petroli nikafuta alama zake upande huo, na kile kichupa cha rangi ya kucha kilikuwa pale pale kwenye benchi. Nikachora alama mpya, mahali papya, zikatazamana vizuri. Haikuchukua dakika kumi. Nikanawa mikono.

Alirudi anakimbia, jasho linamtoka. Akapiga magoti, akakagua alama moja moja kwa kidole. Zilitazamana. Alipoinuka nilimwambia, "Leo sikutumi popote. Kaa hapa tufunge pamoja."

Wayua alinitazama, na macho yake yakajaa machozi. "Asante, Fundi," akasema. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akikaribia kulia, na haikuwa kwa kuumia.

Tukafunga, yeye upande ule, mimi huku. Tulipomaliza alichukua lile bomba refu la kuzungushia injini. "Kitabu kinasema tuizungushe kwa mkono mara mbili kabla ya kuwasha. Kama kuna kitu kinagonga, tutasikia."

"Hiyo niachie," nikasema. "Mkono wa mzee unasikia zaidi."

Akanipa. Alinipa kwa furaha, kama anampa baba yake. Nilizungusha nusu, nikasikia chuma kimegusa chuma, kigumu, hakiendi. Nikairudisha nyuma polepole. Nikasema, "Iko sawa. Laini kabisa."

"Umesikia vizuri, Fundi?"

"Wayua, nimesema iko sawa."

Evanson akarudi, akaingia garini, akatupungia mkono, akabonyeza kitufe. Watu wa soko walikuwa wameshajaa mlangoni na simu zao. Injini ilizunguka, ikapiga kelele moja mbaya, kra-kra-kra, ya vali zinazopindwa na pistoni, kisha ikakwama. Evanson akabonyeza tena. Ikatoa mlio kama wa kijiko kikivunjika, ikanyamaza kabisa.

"Nani alifunga hii?" Evanson alishuka na miwani mkononi. "Nauliza, nani alifunga hii?"

 Nilimwonyesha Wayua kwa kuchomoza midomo tu.

Alimtukana nusu saa nzima. Alimwambia arudi jikoni, alimwambia mikono yake ni ya kuchambua maharagwe, alimtukania na mama yake. Wayua alisimama ameshika kile kitambaa changu cha petroli, anasema tu, "Nilikagua. Nilikagua alama." Evanson aliponigeukia mimi nikamwambia, "Nilikuonya, watu wote hawa walisikia."  Jumamosi asubuhi gari likapakiwa juu ya lori kupelekwa Nairobi, na kwenye ruracio akaenda kwa gari la mjomba wake.

Wateja wangu waliongezeka. Walisema Nzioka ni mtu wa zamani, anajua anachokisema.

Wayua alikuja kazini wiki nzima iliyofuata. Hakugusa spana. Alikaa kwenye tairi la trekta na simu yake, akisoma kile kitabu ukurasa kwa ukurasa, kutafuta alipokosea. Siku ya tatu alinijia, macho yamevimba.

"Fundi, hapa wanasema kikaza kipya kisukumwe ndani kabla cheni haijakaa. Labda nilikisukuma vibaya? Labda hapa ndipo nilipokosea?"

Nilimrudishia simu. "Labda," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa. Akarudi kukaa.

Jumamosi, mwisho wa wiki hiyo, mama yake alifika kutoka Kilungu, Syokau, na kitenge chake cha kanisani, kuku kwapani na mfuko wa machungwa. Alikataa kiti. "Baba Mbula," akaniambia, akiniita kwa jina la mwanangu, "nimekuja kuomba msamaha. Mtoto wangu amekuchafulia jina mbele ya watu, na wewe ulimvumilia zaidi ya mwaka."

"Ni kazi," nikasema. "Mambo hutokea."

Wayua akatoa kitabu chake kwenye mkoba, akakifungua pale penye mstari mtupu, akanipa na kalamu. Nilidhani ataomba. Nilikuwa tayari kabisa kumkatalia.

"Andika ukweli, Fundi," akasema. "Ulijua siko tayari, ndiyo maana ulikuwa ukinizuia. Mimi ndiye niliyejiona najua. Heri imekuwa gari la tajiri; ingekuwa matatu ningeua watu."

 Niliandika, kwa herufi kubwa, HAWEZI, nikatia sahihi na tarehe. Aliisoma, akafunga kitabu, akakikabidhi kwa mama yake, kwa sababu yeye hakuwa na haja nacho tena. Syokau akakitia chini ya machungwa, akaniomba tuombe. Alinishika bega, akamwomba Bwana anibariki, aniongezee miaka, anilipe kwa uvumilivu wangu. Mimi ndiye niliyesema amina kwa sauti kuliko wote.

Kisha Wayua akapiga magoti kwenye ile sakafu ya oili, na nguo yake safi ya kwendea nyumbani.

"Nisamehe, Fundi."

Nilimwekea mkono kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu," nikasema.