Choo Kiko Upande Gani?

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu na utepe mwekundu mbele ya tumbo langu. Nyuma ya utepe kulikuwa na mlango mpya unaonuka rangi, na nyuma yangu watoto wa Shule ya Msingi Mwashilungu wamesimama kwa mstari, kila wawili wamebeba dawati lao, wakingoja nikate waingie. Binti yangu Ritha alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Bwana Deusdedit, afisa elimu wa halmashauri ya mji, alishaanza kupiga makofi kabla sijafanya lolote.

"Kata, Mama Mwenyekiti," alisema. "Usiuogope utepe."

Utepe haukuwa na neno. Ukuta ndio ulionitia hofu.

Kwa miaka, watu wa halmashauri walikuwa kama hawaijui njia ya kuja kwetu. Watoto walisoma kwa zamu kwenye vyumba viwili vilivyochoka, na kamati ya shule, ambayo mimi ndiye mwenyekiti wake, tulipiga hodi mjini mpaka walinzi wakatuzoea. Jibu lilikuwa lile lile: vuteni subira. Kisha ukazuka uvumi kwamba mgodi utapanuka kuja upande wetu na kuumeza uwanja wa shule. Uvumi haujapoa, malori ya matofali yakaingia. Bwana Deusdedit akaitisha mkutano, akasema mkono mmoja haulei mwana, sasa mji na shule ni kitu kimoja. Madarasa manne yakaota ghafla, tena si karibu na yale ya zamani, bali kule mwisho wa uwanja, ubavuni mwa uzio wa mgodi.

"Mayu," jirani yangu Serafina aliniuliza, akiniita mama kwa kilugha chetu, "haya matofali yanakimbilia nini?"

Nilijua yanakimbilia nini. Mimi ni mjane wa mtu wa kutegesha.

Kwetu kwenye dhahabu, kutegesha ni kujenga nyumba ya kuhesabiwa, si ya kulala. Mgodi ukitaka eneo, wathamini huja kuandika kilichopo ili wenyewe wafidiwe, kwa hiyo watu huwahi kujenga kabla hawajafika. Marehemu mume wangu, Makoye, naye alisimamisha yake: matofali mabichi, msingi wa kudanganyia macho, na mipapai kaichomeka mlangoni kama ua la harusi. Wathamini walipofika hawakugusa hata ukuta. Mkubwa wao aliuliza tu, "Choo kiko upande gani?" Makoye akatazama kulia, akatazama kushoto. Wakacheka, wakapanda gari lao. Mtu anaweza kujenga nyumba asiyokusudia kuilala, lakini nani atajitesa kuchimba choo asichokusudia kukitumia?

Swali lile likawa utani wa kijiji kizima. Mwanamume akimposa binti kwa maneno matamu mno, wazee humuuliza choo kiko upande gani. Mimi pia nilicheka, mpaka masika yale Makoye alipoingia kumtoa ndama kwenye nyumba ile na ukuta ukamlalia. Tulimfukua kwa mikono. Tangu hapo sijaweza kuucheka utani ule.

Asubuhi ya sherehe, kabla wageni hawajafika, niliyazunguka madarasa mapya peke yangu. Nilipitisha kidole kwenye maungio ya matofali, mchanga ukamwagika mguuni mwangu. Nilikwenda nyuma, nikakuta nyasi tupu na mbuzi wa mtu. Nikamfuata mwalimu mkuu, Magesa, mtu mpole ambaye sijawahi kumsikia akipaza sauti hata kwa mtoto. Nilimweleza nilichokiona. Akatazama viatu vyake.

"Mama Ritha," alisema, "mimi ni mtumishi. Wewe ni mzazi."

Kisha akaenda kupanga viti vya wageni.

Basi nikawa nimesimama pale na mkasi, na Ritha nyuma yangu anahema chini ya dawati. Niliuona ukuta ule mwingine, uliomlalia Makoye. Nikageuka kwa adabu zote.

"Afisa, samahani," nilisema. "Kabla sijakata, naomba kwenda haja. Choo kiko upande gani?"

 Serafina akaguna, mwingine akakohoa, na kicheko kikalipuka uwanja mzima. Bwana Deusdedit, mgeni wa utani wetu, alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likamwisha.

"Vyoo viko awamu ya pili, mama."

"Basi na watoto wetu watahamia awamu ya pili."

Nikaurudisha mkasi kwenye sinia. Watoto wakageuka na madawati yao.

Usidhani nilibebwa juu juu. Niliitwa mjini nikaambiwa ni adui wa maendeleo. Walewale waliocheka wakaanza kunikwepa, maana madarasa mapya yalikuwa yamefungwa kufuli na watoto wao bado wanabanana kwenye yale ya zamani. Hata Ritha aliniuliza, "Mama, na kama umekosea?" Swali lile liliniuma.

Siku moja mafundi wakarudi bila matangazo. Walibomoa kuta walizojenga wenyewe, wakazisimamisha upya kwa saruji ya kweli, wakachimba na shimo nyuma. Mwalimu Magesa alihamishwa muhula huohuo, sikupata kumuuliza alizungumza na nani. Shimo lilipokwisha nililiendea kama wachimbaji wanavyoliendea duara lao, shimo la dhahabu, nikaangusha jiwe, nikatega sikio. Jiwe lilichelewa kufika. Ndipo nikamwambia Ritha abebe dawati lake.

Mgodi haukuja upande wetu. Madarasa yamesimama mpaka leo, na kila masika naenda kuyapapasa maungio. Kama tulijengewa shule, au tulijengewa aibu iliyogeuka shule, sijui.

Mwezi uliopita Bwana Deusdedit alirudi, mvi zimemwingia. Alikuwa na vijana wawili na chombo cha kupimia ardhi kinachosimama kwa miguu mitatu. Nilimpa shikamoo, akaitikia, kisha akauliza kwa sauti ya chini kama anaweza kujisaidia. Nilimwonyesha upande. Alipotoka nilimnawisha kwa maji ya kata ya kibuyu.

"Tunaongeza madarasa, Mama Mwenyekiti," alisema, akikung'uta mikono. "Ushirikiano wetu unaendelea."

"Safari hii mnaanza na nini?"

"Na choo!" Akacheka sana, nami nikacheka naye, mgeni ni mgeni. Nyuma yake vijana walikuwa wanapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, kulekule kwenye uzio wa mgodi.

Nikaiweka kata chini. Kisha nikainama, nikaanza kutafuta jiwe la kupimia shimo.