Mwalimu wa Piano wa Nyumba Namba Tisa

…na kama ni kusema atasema leo, tena sasa hivi, kabla mistari hii minne ya nywele iliyobaki haijaisha, kwa sababu mstari wa mwisho ukishafungwa mtoto atashuka kwenye kiti, atajigeuza mbele ya kioo, atasema asante mama mdogo kama alivyofundishwa, na saa kumi na moja dada atausukuma ule mlango na mkoba wake begani, na kesho Jumamosi lori litapakia vitanda, makabati na ile baiskeli nyekundu, kwa kuwa shemeji amehamishiwa mji ambao kwa basi ni siku mbili, na mtu hasafiri siku mbili kwenda kumsuka mtoto wa dada yake… basi atasema, lakini anaanzaje, mtu huanzaje neno kama hilo, akachovya kidole kwenye mafuta, akagawa nywele kwa mkia wa kitana, njia ikafunguka kichwani nyembamba na iliyonyooka, “Hapo unaniumiza,” mtoto akasema, “Pole mwanangu,” akajibu, na neno likapita salama kama linavyopita kila siku humu saluni, kila mtoto anayepandishwa kwenye kiti hiki huitwa mwanangu, hakuna anayegeuka kutazama, saa ya ukutani inasema kumi na nusu, imebaki nusu saa, na miaka minane haikutosha.

“Jamani, watu wamechafukwa!” anasema fundi wa kucha, yule wanayemwita Mtandao kwa sababu hakuna kinachopita kwenye simu kikampita yeye, mkono mmoja umeshika kibrashi cha rangi na mwingine simu, na runinga pale juu ya vioo inarudia sehemu ya jana ya tamthilia kwa ajili ya waliolala mapema, ule mtaa wenye mageti meupe na nyasi zilizokatwa sawasawa, majirani wanaopelekeana keki huku wanachunguliana kwa pazia, na wakili aliyekutwa amekufa ndani ya bwawa la kuogelea, wiki saba saluni nzima inauliza nani kamsukuma, na jana badala ya muuaji wakapewa jambo jingine kabisa, kwamba mwalimu wa piano wa nyumba namba tisa ndiye aliyemzaa binti wa nyumba namba saba, alimtoa alelewe na wengine akiwa mchanga, akaja kupanga ng’ambo ya barabara ili amwone tu akienda shule, na wakili alikuwa anajua kwa sababu ndiye aliyeandika zile karatasi… “Sikilizeni huyu,” Mtandao anasoma maoni kwenye simu, “anasema, mimi nilijua tangu sehemu ya tatu, alivyomshika yule mtoto vidole kwenye piano, mwalimu hashiki hivyo,” na fundi wa nywele anatazama vidole vyake mwenyewe, vimejaa mafuta, vimeshika nywele tatu tatu, anajiuliza vinashika vipi, vinashika kama vya nani. “Mwongo huyo! Kila mtu leo alijua tangu sehemu ya tatu!” anapiga kelele Nesi mstaafu kutoka chini ya draya, anapiga kelele kwa sababu mvumo wake unamziba masikio, rola kichwani na uso umeiva kwa joto, “Jana mlikuwa mnaapa ni mtunza bustani! Mmemfunga maskini wa watu wiki tano nzima!” na wote wanacheka, hata Bosi kule kwenye sinki anacheka na mikono yake imejaa povu, na mtoto anacheka kwa sababu wakubwa wanacheka, kichwa kinatikisika, mstari unapinda. “Tulia, Chiriku.” Wanamwita Chiriku kwa maneno yake mengi, jina alilipata humu humu saluni, akiwa na miaka mitatu, juu ya mito miwili ili kichwa kifike.

Mistari mitatu. Huu wa pembeni ni mwepesi, shida iko kule utosini, nywele za Chiriku zinazunguka mahali pawili, duara mbili zinazogombana kama maji yanayoshuka kwenye matundu mawili, ukivuta upande huu zinasimama upande ule, dada zimemshinda tangu mwanzo, mara ya kwanza alipomleta alisema, “Njoo umsuke wewe, mimi hiki kichwa sikiwezi,” akasema hivyo akiwa ametazama pembeni, na dada hakuwa anazungumzia nywele tu, dada alikuwa anampa Ijumaa mbili za kila mwezi, saa mbili kila Ijumaa, bila kuziita zawadi… yeye anakiweza kichwa hiki kwa sababu alijifunza kwenye chake, chini ya hiki kilemba anachofunga kila asubuhi kabla hajatoka, miaka yote saluni hakuna aliyewahi kuona nywele zake, wanamtania, fundi wa nywele kipara, mpishi asiyekula chakula chake, na yeye anacheka nao, akachagua kuonekana mtu wa ajabu kuliko mtu kuja kusema mbona vichwa vyenu… “Huyu mwingine anasema, ushahidi ulikuwa wazi, kidevu! Watazameni videvu vyao, mama na mwana, watu hawana macho!” anasoma Mtandao. “Mimi ndio maana huwa naangalia masikio,” anasema mteja wake wa kucha, “sikio halidanganyi,” na wanabishana kidevu na sikio, wapelelezi wakubwa hawa, wanaokamata waongo wote wa kwenye kioo cha runinga, na hatua tatu kutoka kwao vichwa viwili vya aina moja viko kimoja juu ya kingine, na hakuna anayeona, na hajui amshukuru Mungu au alie.

Yeye alikuwa na miaka kumi na saba, dada alikuwa amekwisha kuzika watoto watatu, hakuna aliyefika hata siku ya kupewa jina, na chumbani kwa mama yao, mlango umefungwa, mama alisema, jambo lililofungwa na watatu halifunguliwi na mmoja, na mama sasa amelala chini ya ardhi, wamebaki wawili, je wawili ni wengi kiasi gani… siku ya kumi na moja dada alimbeba mtoto akatoka, na yeye akafungwa kifua kwa shuka lililochanwa vipande, maziwa yakapita kwenye shuka, yakapita kwenye gauni, mama anabadilisha kitambaa bila kusema neno, kila saa, usiku na mchana, na hakumkaripia hata mara moja. “Mimi nimezalisha watu miaka thelathini!” Nesi anapiga kelele, “Nimewaona hao wanaotoa watoto! Wanaondoka hivi, kavu, hawageuki hata nyuma!” Aligeuka. Anataka kusema, aligeuka, alisimama dirishani kwa mama yake akaona kisogo kidogo kwenye bega la dada, na duara mbili, hata siku hiyo zilionekana, kwa nywele zile chache… aligeuka na hajawahi kugeukia mbele tangu siku hiyo.

“Ngojeni, ngojeni, hii kali,” Mtandao anasema, tayari anacheka, “kuna mmoja anajiita Mpita Njia, ameandika, ‘Labda alimtoa kwa sababu alimpenda. Labda hakuwa na la kumpa ila mama mwingine.’ Wamemcheka! Vicheko mia mbili na kitu! Mmoja anamjibu, wewe Mpita Njia, pita basi, njia hiyo hapo!” Na saluni inalipuka, na fundi anasikia damu ikipanda masikioni, kwa sababu jana alikaa ukingoni mwa kitanda akaandika maneno hayo, akayafuta, akayaandika tena, hajawahi kuandika maoni yoyote maishani mwake, darasa la saba ndiyo elimu yake na herufi anazitafuta kwa kidole kimoja, akabonyeza kama mwizi, alidhani labda mtu mmoja, mmoja tu kati ya maelfu yale, ataandika chini yake neno moja, kweli… “Ana majibu mengi huyo, ‘mama gani,’ ‘mama gani,’ ‘huyo naye katoa wake nini?’” Wakacheka tena. Na kilemba, kwa kuinama kule, kwa jasho, kimeanza kuteleza, anakisikia kinarudi nyuma, hewa ya feni inagusa nywele zake za mbele, na mikono yote miwili imeshika mstari ambao akiuachia utafumuka, anajaribu kukisukuma kwa bega, hakiendi, kinateleza, kioo kikubwa mbele yao kinaonyesha kila kitu, taa juu yao ni nyeupe, na Mtandao, akiinua macho kutoka kwenye simu hata mara moja tu, ataona… na ukamshukia fundi ubaridi wa kitu kinachokaribia kumkuta, akajisemea labda ndivyo inavyopaswa, asiseme yeye, kichwa chenyewe kiseme.

Mikono miwili yenye maji ikatoka nyuma yake. Bosi. Bosi mwenye sauti ya mnadani, anayegombana na kila mpita njia anayemwaga taka mlangoni, alikuja kimya akakishika kilemba kwa nyuma, akakivuta mbele mpaka juu ya nyusi, akakifunga fundo, akalikaza, akalikaza tena, mara mbili, kama mtu anayefunga mlango wa nyumba ya mgonjwa, na kiganja chake kilichoiva kwa sabuni kikabaki juu ya utosi wake, pale pale, juu ya zile duara, muda usiozidi pumzi moja. Kisha akageuka na ile sauti yake yote, “Tamthilia yenyewe imenichosha! Mtu amekufa bwawani wiki saba, hata polisi mmoja mwenye akili hawana? Mtandao, acha kusoma maneno ya watu wasio na kazi, ukucha wa mteja umeupaka rangi mpaka kwenye kiungo!” Bosi anajua. Anajua tangu lini, tangu mito miwili? Ndiyo maana Ijumaa za Chiriku hakuna mteja mwingine anayewekwa kwenye kiti hiki, ndiyo maana, na yeye siku zote alidhani ni bahati… machozi yakaja, akayarudisha, yana kazi gani hapa.

Mistari miwili. Sasa. Sema sasa. Chiriku, nikwambie hadithi, hapana, siyo hadithi, Chiriku, unajua wewe na mimi… “Na wewe Chiriku,” Mtandao anauliza, anataka kufuta aibu ya ukucha, “nani kamuua wakili?” “Sijui.” “Kwani unaruhusiwa kuangalia?” “Naangaliaga mlangoni, mama akidhani nimelala.” Wakacheka kwa upole sasa, mtoto akanyoosha shingo, amepata hadhira. “Mimi naona yule mwalimu wa piano hakuua mtu. Yeye alitaka kumwona tu.” Mikono ikasimama. “Basi angemwambia mtoto, si ndio?” Mtandao akasema, “angesema, mimi ndiye mama yako.” Na Chiriku akafikiri, akafikiri kweli, kwa uso ule mzito anaouweka akipewa hesabu, macho yake kwenye kioo yakakutana na macho ya fundi, hayakujua yanakutana na nini, “Hapana,” akasema, “asimwambie. Kwa sababu huyo msichana atalia, na mama yake wa nyumbani atalia, na mwalimu naye atalia. Wote wakilia, nani atambembeleza mwenzake?”

Hakuna aliyecheka. Nesi hakusikia, aliuliza “Anasemaje?”, draya ikaendelea kuvuma, kwenye runinga mwalimu wa piano alikuwa amesimama dirishani na pazia mkononi, palepale walipomwacha jana, na fundi akajikuta anamwona dada, siyo dada wa leo mwenye mkoba, dada wa asubuhi ile Chiriku alipoanza kutembea, aliyefika mlangoni kwake kabla hata ya chai, anahema, mguu mmoja kandambili ya bluu na mwingine kiatu cha shemeji, akamweka mtoto chini, akasema, “Nimepita kukusalimia tu,” akarudi nyuma hatua nne, akamwachia nafasi, ili zile hatua za mtoto zije kwake… dada atalia. Dada aliyezika watatu atasimama pale mlangoni na atalia, na Chiriku atalia, na yeye, na nani atambembeleza nani, mia mbili na kitu walicheka na hakuna hata mmoja aliyempata, mtoto wa miaka minane amempata kwa swali moja, na lile neno alilolibeba tangu alfajiri, alilolisemea ndani ya basi, alilolikariri akifungua saluni, akaliona sasa lilivyo, halikuwa la mtoto hata kidogo, lilikuwa lake, njaa yake tu, na akalimeza, likashuka kama jiwe linavyoshuka, na akajua litakaa huko, halitapanda tena, hata siku moja, na hakuna mtu atakayeandika chini yake, kweli.

“Bado mingapi?” mtoto akauliza. “Mmoja.” Ulikuwa ule wa utosini. Akaugawa mara mbili, akaupeleka kila upande kwa duara yake, polepole, polepole kuliko inavyohitajika. “Mwambie mama,” akasema, na alishangaa jinsi sauti yake ilivyotoka sawa, “huko mnakokwenda, hapa juu asivute. Asilazimishe. Agawe mara mbili, afuate nywele zinakotaka kwenda. Utakumbuka?” “Nitakumbuka. Agawe mara mbili.” “Eeh.” “Kwani wewe ulijuaje?” Saa ya ukutani ilisema kumi na dakika arobaini, mlango wa kioo ulikuwa bado umefungwa, feni ilikuwa inazunguka, na fundo la Bosi lilikuwa limekaza kisogoni mpaka linauma. “Nimesuka vichwa vingi, mwanangu,” akasema. “Inamisha shingo.”