Mukengeria wa Mukhwana

Wilkista alipofika Naitiri alipita nyumba na kwenda moja kwa moja kaburini, begi bado mkononi. Akasimama kama aliyepigwa kofi. Kaburi la mumewe, Mukhwana, lilikuwa limepaliliwa na kufagiwa, halina hata jani moja la kusingizia.

Hii ilikuwa mara ya tatu! Tangu mvua za 2004 zianze kula udongo wa mteremko ule, alikuwa akitoka Kitale na magunia ya mukengeria. Ndivyo Gathoni, jirani aliyempa, alivyouita: mmea wa hapa hapa kwetu, unaotambaa, ukishika ardhi kwa kila kifundo na kutoa viua vya buluu asubuhi. Hauuawi na jua wala ng'ombe. Ila wifi yake, Nasimiyu, na jembe lake, hao ni habari nyingine. Sasa msalaba ulikuwa umeinama na ufa umefika kichwani mwa kaburi. Masika mengine kama yale, na Mukhwana angesombwa.

Nasimiyu akatokea na ufagio. "Karibu, Mama Emmy. Umeona vire nimekusafishia?"

"Si nilikuambia usiguse? Mara ngapi, jamani? Hayo ndiyo yanashika udongo!"

"Ni magugu, bana. Kesho watu wanakuja maombi ya ukumbusho. Wakipata majani kwa kabuli, si watasema ati mjane alishapata bwana huko Kitale? Wewe hukai nao. Mimi ndio nakaa nao."

Wilkista akabwaga begi chini. Kumbe miaka yote alikuwa akilindwa! Na ulinzi wenyewe ndio uliokuwa ukimfukua mumewe. Angemshukuru au angemzaba? Hakujua.

"Uliyatupa wapi?"

"Kwa shimo ya ndizi. Na hata huko imekataa kufa."

Kweli, shimo lilikuwa limefunikwa buluu tupu. Wilkista akajaza karai, akarudi, akapiga magoti na gauni lake la safari, akaanza kuchomeka vipande ardhini.

"Wacha waseme," alifoka. "Asombwe na mvua ili mimi niitwe mjane safi?"

 Nasimiyu akaweka ufagio chini, akachukua jembe na kuanza kuchimba vishimo upande wa pili.

"Lakini kila Jumamosi nitakuwa hapa," alisema.

"Kupalilia?"

"Kuangaria ni nani atasema."