Fomu Sita Kabatini

"Usinikatize, dada! Leo utanisikiliza mpaka mwisho, ndipo uniandikie barua ya onyo kama mkono unakuwasha."

"Sijakukatiza. Nimekwambia punguza sauti, karani anasikia."

"Asikie! Na dereva wa makao makuu akifika naye asikie. Miaka sita unanitazama hivi hivi, macho makavu, unaniambia makao makuu wamenitosa."

"Sikusema wamekutosa. Nilisema majina yamerudi, lako halimo."

"Litakuwamo vipi na fomu hazijatoka humu ndani?"

Msimamizi aligeukia rafu akaanza kupanga maboksi ya kalamu nene, ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Walikuwa kwenye stoo ya ofisi, mlango umefungwa, katikati ya marobota ya karatasi kubwa za kufundishia, makoleo ya mafunzo ya vyoo na viti vya plastiki vilivyopachikana mpaka karibu na dari. Walikuwa ndugu wa tumbo moja, waliopishana miaka minane. Mkubwa ndiye msimamizi wa kituo. Mdogo alikuwa mwelimishaji wa jamii chini yake, kazi yake kuzunguka kwenye vikundi vya watu, kukaa nao na kuwasaidia wapange mambo yao wenyewe: choo kichimbwe wapi, zamu za bomba zigawanywe vipi, darasa la watoto wadogo lifunguliwe lini. Watu wa vikundi walimwita Bango, maana hakuonekana bila zile karatasi kubwa kwapani. Alikuwa akifika mahali watu wamekaribia kushikana mashati, anatandika karatasi chini, anawapa kalamu wachore mtaa wao, na baada ya saa moja wote wanaugombeza mchoro badala ya kugombana wao kwa wao.

Jambo lenyewe lilikuwa limefumuka jana. Alikuja mgeni kutoka makao makuu, binti ambaye Bango ndiye aliyemshika mkono alipoanza kazi, akamfundisha hata namna ya kusimama mbele ya watu bila kuwapa mgongo. Binti huyo alikwenda masomoni mwaka mzima, akarudi na stashahada ya juu, na sasa yuko kitengo cha mafunzo. Wakiwa kwenye chai akauliza kwa moyo mweupe kabisa: "Dada Bango, wewe mbona huombi? Kila mwaka tunaulizana pale, huyu mtu hataki kusoma?"

Bango aliweka kikombe mezani, hakukinyanyua tena.

"Nieleze basi," alisema sasa. "Nieleze taratibu, kama unavyowaeleza wale wazee wa kikundi cha bomba. Kwa nini?"

"Unajua kwa nini. Kituo nakisimamia mimi. Nafasi ni moja kwa mwaka. Nimpe mdogo wangu? Watu wangesema nini?"

"Kwani nilikuomba unipe? Nilikuomba upeleke! Wanaochagua ni wao, wewe kazi yako ni kutia sahihi na kufunga bahasha. Umepeleka za wengine wote. Yule aliyekuwa analala kwenye mikutano, ulimpelekea. Yule aliyewaambia kina mama wa kikundi kwamba hawajui kitu, ulimpelekea! Mimi peke yangu ndiye nimekaa kabatini kama suruali ya marehemu."

Msimamizi nusura acheke, akajizuia. Mdogo wake alikuwa hivyo tangu utotoni. Hata akilia, ulimi haulali.

"Na kingine?" Bango akaendelea. "Maana hiyo ya watu watasema ndiyo unayojidanganyia ukiwa kwenye kioo. Sema na kingine."

"Vikundi kumi na kimoja angevishika nani?"

"Ehe! Sasa tunaongea."

"Nilikuwa nakuhitaji. Ni kosa kumhitaji mtu?"

"Kosa ni kumfungia. Na mama je? Usione nimenyamaza. Mimi ndiye ninayekaa na mama, miguu yake ile. Ningeondoka mwaka mzima ungemchukua wewe. Hilo nalo lilikuwamo kwenye hesabu zako, au nakusingizia?"

Msimamizi alitazama boksi alilolishika. Angeweza kukataa. Lakini lilikuwamo. Hakuwahi kulitamka hata moyoni, ila kila mwaka fomu ilipofika mezani kwake, alikiona kile chumba cha mtoto wake wa mwisho, akaona kitanda cha mama kikihamishiwa pale, akaifunga droo.

"Hunisingizii," alisema.

Bango alikuwa amejiandaa kubishiwa. Jibu hilo lilimvunja nguvu, akakaa juu ya robota la karatasi.

"Unajua kinachoniuma ni nini?" alisema, na sauti sasa ilikuwa imeshuka yenyewe. "Mwaka wa kwanza nilidhani bahati tu. Mwaka wa pili nikasema labda sijui kuandika. Nikamwomba mwalimu jirani yetu anisahihishie. Mwaka wa nne nilinunua kamusi, dada. Nakaa na mama sebuleni nafunua kamusi, natafuta neno zito zuri la kuwaridhisha watu wasiojua hata kama nimezaliwa. Nikajiambia, basi, akili yangu mwisho wake ni kubeba karatasi. Niliamini hivyo. Mpaka jana saa nne nilikuwa naamini hivyo."

"Omba mwaka huu. Zinafungwa leo, dereva anapita saa sita. Nitaipeleka mbele ya macho yako."

"Waraka si unausoma wewe? Mwisho ni miaka thelathini na saba. Mwezi uliopita nimetimiza thelathini na minane, keki ulileta wewe." Alinyanyuka, akapangusa sketi, akachukua karatasi zake kwapani. "Nina watu wananingoja bombani. Kaa na kituo chako."

Hakuubamiza mlango. Laiti angeubamiza.

Msimamizi alibaki na makoleo. Karani alipomwona akitoka aliinamia kompyuta na kuchapa kwa kasi, na mtu yeyote angejua kwamba hachapi neno lenye maana. Msimamizi alimpita, akaingia ofisini kwake, akafungua kabati la chuma.

Zilikuwa pale, nyuma ya ripoti za mwaka, ndani ya jalada lisilo na jina. Hakuwahi kuzichana. Mara nyingi alijiambia kwamba hiyo ni dalili ya nia njema, kwamba siku moja, mambo yakitulia, angezitoa. Mambo ya kituo hayatulii. Hilo alilijua pia.

Akazipanga mezani mwaka baada ya mwaka, akasoma sehemu moja tu, ile inayouliza: Eleza sababu za kuomba mafunzo haya.

Fomu ya kwanza ilijaa hadi pembeni, maandishi yamepanda ukingo wa karatasi. Bango alieleza kuhusu kikundi cha akina baba waliokataa kukaa mkeka mmoja na wake zao, na jinsi alivyoshindwa kuwakalisha, na kwamba alitaka kujifunza kwa waliowahi kuweza. Ya pili ilikuwa nadhifu, imesahihishwa na mwalimu, na akina baba wa mkeka walikuwa wametolewa. Katika ya nne kulikuwa na maneno ya kwenye kamusi. "Kuimarisha umahiri wangu." Msimamizi alisoma hapo mara mbili. Mdogo wake hajawahi kusema umahiri tangu aote meno. Ya tano ilikuwa mistari mitatu.

Ya sita, ya mwaka jana, ilikuwa na maneno mawili: Nataka kusoma.

Alivua miwani. Ni rahisi kumwonea huruma mtu akiwa hivyo, lakini yeye hakujionea. Alikumbuka siku alizowasimamia waelimishaji wapya na kuwaambia kwamba dhambi kubwa ya kazi hii ni kuwaamulia watu maisha yao huku ukiwatabasamia. Alikuwa akiisema hotuba hiyo vizuri mno. Bango ndiye aliyekuwa akimshikia karatasi ukutani wakati anaisema. Na mama naye, kila mwaka, alikuwa akimuuliza kwenye simu: "Mdogo wako amepata safari hii?" Naye hujibu: "Mwaka huu wamebana, mama." Wamebana! Kana kwamba aliyebana ni mtu mwingine.

Saa tano na nusu. Alichukua waraka wa mafunzo, akausoma kama anavyosoma kila waraka, mpaka maandishi madogo ya chini. Umri wa mwombaji usizidi miaka thelathini na saba siku ombi lilipopokelewa na msimamizi wa kituo.

Siku lilipopokelewa na msimamizi wa kituo.

Akazigeuza fomu. Nyuma ya kila moja palikuwa na muhuri wa kituo, tarehe na sahihi yake, maana kwake karatasi haikai mezani bila muhuri, hata ile anayokusudia kuificha. Zote sita zilipokelewa Bango akiwa ndani ya umri. Ombi lilikuwa halali. Lililokosekana ni mtu wa kueleza lilikuwa wapi muda wote huo, na mtu huyo alikuwa mmoja tu.

Alijua maana yake. Kuficha ombi la mtumishi si jambo la kuonywa kwa mdomo. Wakiwa wapole watamshusha cheo, wakiwa wakali watamwondoa, na kwa umri wake nani atampa kazi nyingine? Mtoto wa mwisho bado yuko sekondari. Alifikiria njia ya katikati. Angeweza kuandika kwamba fomu zilichanganyika na majalada mengine wakati wa kupaka rangi ofisi. Rangi kweli ilipakwa. Watu wangeamini.

Lakini wangeuliza: zote sita? Na hata wasingeuliza, Bango angeisoma barua hiyo siku moja, na safari hii asingekuja kugombana stoo. Asingekuja kabisa.

Alivuta karatasi, akaandika kwa mkono, kwa sababu kompyuta ingempa nafasi ya kufuta.

"Naambatisha maombi sita ya mafunzo ya mwelimishaji wa jamii wa kituo hiki. Niliyapokea kwa tarehe zinazoonekana kwenye muhuri. Sikuyapeleka. Hayakupotea. Niliyaweka mwenyewe kwa sababu nilimhitaji kazini, kwa sababu niliogopa kuambiwa nampendelea ndugu yangu, na kwa sababu za nyumbani zinazonihusu mimi. Mwombaji hakujua hadi jana. Naomba umri wake uhesabiwe kwa tarehe ya ombi la kwanza. Akichaguliwa, vikundi vyake kumi na kimoja nitavishika mwenyewe, au atakayeshika nafasi yangu. Kuhusu mimi, nasubiri uamuzi wenu."

Akatia sahihi, akatia muhuri, akatoka nazo kwa karani.

"Ingiza kwenye daftari la barua zinazotoka. Piga nakala mbili, moja iweke kwenye jalada la wazi."

Karani alianza kusoma, akafika katikati, akainua macho. "Mama, hii... ya wazi? Mtu yeyote atakayefungua ataiona."

"Ndiyo kazi ya jalada la wazi."

"Labda tungeisubirisha hadi Jumatatu. Ukalala nayo kidogo."

"Nimelala nayo miaka sita. Andika namba."

Karani akaandika namba. Nje honi ililia, dereva wa makao makuu, ambaye kamwe hazimi gari kwa kudai betri ni mbovu. Msimamizi akatoa simu wakati nakala zinatoka.

"Mama, shikamoo. Jumamosi nakuja na gari, tunahamisha kitanda chako, uje ukae kwangu."

"Kuna nini? Mdogo wako anaumwa?"

"Haumwi. Nimemkosea. Huenda akaenda kusoma, huenda asiende, lakini wewe unakuja."

"Kwako kuna ngazi."

"Ziko mbili tu, mama. Nitakushika."

"Kwa hiyo waliokuwa wanabana ni wewe," mama akasema. Halikuwa swali. Simu ikakatika, au aliikata.

Msimamizi alisimama na simu mkononi mpaka honi ilipolia tena. Ndipo akachukua bahasha, akaifunga kwa gundi, akaibonyeza kingo zote kwa kidole gumba, akatoka juani.

"Leo bosi mwenyewe analeta barua!" dereva alisema. "Kuna harusi?"

"Peleka kitengo cha mafunzo. Mkononi, si mapokezi. Wakutilie sahihi."

"Sawa, mama."

Dereva akaitia bahasha kwenye mkoba, akauweka kiti cha mbele, akaondoa gari. Msimamizi hakurudi ndani. Alisimama pale getini mpaka lilipokunja kona, maana alijijua: lingesimama hata dakika moja, angelikimbilia akaidai bahasha yake.