Wino Mwekundu kwenye Kaye

Tangu redio itangaze hali ya dharura, Saliha wa mtaa wa Buyenzi aliogopa daftari kuliko bunduki. Kila nyumba ina daftari lake, watu huliita kaye, na humo wameandikwa wote wanaolala ndani. Zamani mkaguzi alikuwa Massoudi, mkuu wa nyumba kumi, naye alikagua huku anakunywa chai na kuulizia watoto. Siku hizi wanakuja wanajeshi. Aliyeandikwa akakosekana, basi huyo kajiunga na waasi, na walio ndani wanabebwa badala yake. Juzi walimbeba mzee Shakuru, fundi wa radieta, kwa sababu mdogo wake alilala kazini Ruziba. Mpaka leo hajulikani alipo.

Na kwenye kaye ya Saliha, mstari wa pili, liliandikwa jina la Moubarak, mwanawe. Moubarak alivuka kwenda Uvira, nchi ya jirani, kutengeneza injini ya lori, kazi ya siku mbili, kisha mpaka wa nchi ukafungwa nyuma yake na simu yake ikazimika. Wiki tatu sasa. Saliha alipaswa kwenda kuripoti, jina likatwe. Lakini mama gani anakwenda kukata jina la mtoto wake? Kila siku alijiambia atarudi kesho.

Walifika saa mbili asubuhi, watano, Massoudi akiwafuata nyuma kwa unyonge kama mgeni kwenye mtaa wake mwenyewe. Amira, binti wa miaka kumi na tisa, alisimama nyuma ya mama yake, akizishika bangili zake zisilie. Kiongozi wao alifungua kaye, akatoa kalamu nyekundu.

"Moubarak. Iko wapi?"

Saliha alitazama gari lao mlangoni. Wasichana wawili walikuwa wameketishwa sakafuni, vichwa chini. Mmoja alikuwa Lisette wa nyumba ya pili, rika la Amira.

"Amekufa," alisema.

"Lini?"

"Ijumaa. Habari ilifika jana. Walimuzika kulekule Uvira."

Yule afande akavuta mstari mwekundu juu ya jina, taratibu, kwa rula. "Pole, mama," akasema, akamrudishia kaye.

Saliha akadhani ameponyoka. Maskini, hofu ilimsahaulisha mtaa anaoishi. Massoudi alikuwa amesikia kila neno, na Massoudi ndiye aliyemfundisha Moubarak Kurani. Alitoka pale machozi yakimtiririka, na kabla ya adhuhuri kipaza sauti cha msikiti kikatangaza: inna lillahi, mtoto wa Saliha amefariki. Buyenzi haiachi mtu alie peke yake. Mikeka ikaletwa, sufuria zikaletwa, wanawake wakaingia wakilia kwa sauti, na mafundi wakaacha magari yao wazi wakaja na mafuta mikononi.

Kwa kuwa mikusanyiko ilikuwa imekatazwa, afande akarudi, akamwacha mwanajeshi mmoja mlangoni kuandika jina la kila aingiaye. Angefanya nini Saliha? Kusema ukweli ni kumpandisha Amira kwenye lile gari. Akakaa kwenye mkeka, macho makavu, anaogopa mwanajeshi na anamwogopa Mungu, kwa sababu aliyajua maneno ya wazee: mdomo huumba. Wanawake walinong'ona kwamba uchungu umemzidi, hata machozi yamekataa.

Simu ikaita. Namba ngeni. Tangu tangazo la msikiti namba ngeni zilikuwa zikipiga kumpa pole, akapokea.

"Mama! Ni mi, Moubarak! Bamefungua mpaka, nimevuka, niko Gatumba, upande wetu. Simu ni ya mutu."

Moyo wake uliruka kwa furaha, na papo hapo ukaganda. Mwanajeshi alikuwa hatua nne tu kutoka pale alipokaa.

"Usikuje," alisema polepole, kama anayemjibu mtu wa mbali. "Asante, lakini usikuje. Bakia uko uko."

"Mbona nasikia batu banalia? Mama, nani amekufa?"

Saliha aliibana simu sikioni sauti isitoke. Mwanajeshi aligeuza shingo, akamtazama.

"Ni Amira? Mama, ni Amira?"

"Apana. Usikuje, mwanangu, nakuomba."

"Unanificha. Dada yangu azikwe mi sipo? Apana, mama. Nakuja sasa hivi."

Simu ikakatika. Saliha akaipiga tena ile namba, akajifunika mtandio mpaka usoni. Ikapokelewa na mwanamume asiyemjua.

"Ule kijana? Ameshapanda gari, mama. Alikuwa analia sana."

Kutoka Gatumba ni nusu saa, pungufu kama barabara iko wazi. Kuna vizuizi vitatu, na kwenye kila kizuizi Moubarak atasema jina lake na nyumba anayokwenda. Akivipita vyote, mlangoni kwa mama yake anangojwa na mtu mwenye orodha.

Hapo ndipo Saliha alipopiga ukelele. Aliangukia mkeka, akaupiga kwa viganja, akalia kwa sauti ambayo Amira hajapata kuisikia tangu azaliwe. "Mwacheni alie," wanawake walisema, wamefarijika. "Sasa ameamini."

Mwanajeshi wa mlangoni alivua kofia yake kwa heshima, akaendelea kutazama barabara.